Bei ya mwanafunzi ni amana: namna ya kupata programu za ofisi kwa halali ukiwa chuoni Mombasa

Wiki ya mwisho kabla ya kuwasilisha miradi, msichana mmoja wa mwaka wa nne aliingia darasani kwangu Tudor ameikumbatia leptopu kifuani. "Shikamoo mwalimu. Word imekataa kuandika."

Nikaifungua. Faili ilifunguka na maandishi yakaonekana, lakini vitufe vyote vya juu vilikuwa vimepauka, na ukigonga herufi hakuna kinachotokea. Utepe wa juu ulisema akaunti haina leseni. Nikamuuliza akaunti ni ya nani. Hakujua. Alikuwa amemlipa fundi mmoja mjini shilingi 800, akawekewa "Ofisi ya maisha" na kupewa baruapepe na neno la siri vya kuingilia. Nikaisoma ile baruapepe: jina la mtu asiyemjua, na mwisho wake anwani ya chuo cha nchi nyingine.

Kilichoniuma si zile mia nane. Muda wote huo Word ilikuwa ikiihifadhi kazi yake kwenye hifadhi ya mtandaoni ya akaunti ile. Miezi saba ya utafiti, pamoja na majina na namba za simu za wavuvi aliowahoji Likoni, ilikuwa imewekwa kwenye kabati la mtu mwingine na ufunguo si wake. Akaunti ilipofungwa, kabati likafungwa nayo. Kwenye diski tulipata nakala ya wiki mbili nyuma. Sura ya nne aliiandika upya kwa usiku mbili, macho mekundu.

Wahenga walisema nguo ya kuazima haisitiri maungo. Nawaandikia nyinyi mlio vyuoni ili msivae nguo hiyo, kwa sababu hamna haja nayo. Njia za halali zipo, nyingine hazina malipo hata senti. Ila bei ya mwanafunzi ni amana. Mwenye programu anamwamini mtu asiyemwona: ukimwambia unasoma, anakupunguzia au anakupa bure, ili mradi uitumie kusomea. Basi tuichukue kama amana inavyochukuliwa.

Hatua ya kwanza: jua kilichomo kwenye mashine yako

Fungua Word, bonyeza File juu kushoto, halafu Account chini. Utaona jina la toleo, na jina au baruapepe ya mtu aliyesajiliwa. Isome taratibu mistari hiyo.

Ukikuta Microsoft 365 na baruapepe yako mwenyewe, huna tatizo. Ukikuta baruapepe usiyoijua, nakili kazi zako zote kwenye fulashi leo hii, kabla hujaendelea kusoma hapa.

Ukikuta Professional Plus, jiulize imetoka wapi. Toleo hilo huuzwa kwa mashirika kwa leseni ya jumla, si kwa mtu mmoja mmoja. Leptopu ya mtumba iliyotoka kwenye ofisi ya ng'ambo inaweza kuwa nalo bado, lakini leseni ilikuwa ya kampuni ile na haikuuzwa pamoja na mashine. Namna moja ya leseni hizo hufanya kazi hivi: kampuni ina seva yake, yaani kompyuta kuu inayohudumia nyingine, mashine inaiuliza seva kama inaruhusiwa, na jibu moja hudumu siku 180. Siku hizo zikiisha bila kuipata seva, ruhusa inakwisha. Wanaoweka kraki, yaani kiprogramu cha kuvunja kufuli la leseni, hutengeneza seva ya uongo ndani ya mashine yako ili ijijibu yenyewe kila mara. Ndiyo maana fundi huanza kwa kuizima antivairasi. Hebu fikiria: mtu aliyekuja kukutengenezea mlango ana haja gani ya kutaka bawabu aondoke kwanza? Mwaka 2021 kampuni ya usalama ya Red Canary ilieleza jinsi nakala bandia za KMSPico, moja ya kraki zinazojulikana zaidi, zilivyobeba ndani yake Cryptbot, programu ya kuiba nywila na pochi za sarafu za kidijitali. Na wewe kwenye mashine hiyo hiyo unafungua akaunti ya benki na baruapepe yako.

Jambo moja zaidi hapa. Kama una Office 2016 au 2019, hata iwe ya halali kabisa, masasisho yake ya usalama yalikoma tarehe 14 Oktoba 2025. Itaendelea kuandika, lakini mwanya mpya ukigunduliwa hakuna atakayeuziba.

Hatua ya pili: anza na chuo chako

Wanafunzi wengi ninaokutana nao huanza kutafuta punguzo kwa fundi, na chuo wanakikumbuka mwishoni. Geuza mpango huo. Uwe Technical University of Mombasa hapa Tudor, Pwani kule Kilifi, au kampasi ya chuo cha bara iliyo mjini, kitu cha kwanza unachohitaji ni baruapepe ya chuo. Anwani za vyuo vya Kenya huishia .ac.ke, na kikoa hicho ni cha taasisi za elimu ya juu. Kwa sababu hiyo, kwa kampuni iliyo ng'ambo, anwani hiyo ndiyo ushahidi wako kwamba unasoma.

Kama hujawahi kuifungua, nenda ofisi ya tehama ya chuo na kitambulisho chako cha mwanafunzi, asubuhi mapema, si wiki ya mitihani. Ukishaipata, fungua ukurasa wa elimu wa Microsoft na uandike anwani hiyo. Chuo kikiwa kimesajiliwa, utapewa Office 365 A1 bila malipo: Word, Excel, PowerPoint, OneNote na Teams, zote za kutumia ndani ya kivinjari. Chuo kinacholipia daraja la juu zaidi, kama A3, kinaweza kukupa pia programu za kusakinisha kwenye mashine. Zamani kulikuwa na mpango wa A1 Plus uliotoa za kusakinisha bila malipo, ukafutwa Agosti 2024. Kwa hiyo kaka yako aliyemaliza miaka michache nyuma akikwambia "mimi nilipewa zote bure", hakudanganyi. Mambo yamebadilika.

Na chuo kikiwa hakijasajiliwa? Msinung'unike kwenye makundi ya WhatsApp. A1 haina malipo kwa taasisi iliyothibitishwa kuwa ya elimu, na Google nayo ina mpango wake wa elimu usio na malipo kwa taasisi. Mwakilishi wa darasa aandike barua fupi kwa mkuu wa tehama: mko wangapi, mnasomea nini, kazi gani inawashinda bila programu hizo. Barua moja yenye sahihi za darasa zima ina uzito kuliko watu arobaini kuja dirishani mmoja mmoja.

Hatua ya tatu: jiulize kama unahitaji kulipa kabisa

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndipo pesa nyingi zinapookolewa.

Hata bila chuo, mtu yeyote mwenye akaunti ya kawaida ya Microsoft anaweza kuandika kwenye Word ya kivinjari bila malipo, akapata na gigabaiti 5 za kuhifadhi. Google inatoa 15, zinazochangiwa na baruapepe na picha zako. Kwenye simu, programu za Microsoft hukuruhusu kuhariri bure mradi kioo kisizidi inchi 10.1. Kwa insha ya kurasa kumi, hayo yanatosha. Ugumu wake ni intaneti. Bando likiisha saa nne usiku, au stima ikipotea na ruta ikazima, umekwama katikati ya sentensi.

Kwa kazi ndefu nawaelekeza wanafunzi wangu kwenye LibreOffice. Ina Writer ya kuandikia, Calc ya majedwali, Impress ya maonyesho, na inafanya kazi bila intaneti. Ilianza Septemba 2010, pale watengenezaji wa OpenOffice walipojitenga na kuunda The Document Foundation, na hadi leo haina bei. Leseni yake inakuruhusu kuitumia kwa kusoma, kwa biashara, kwa msikiti, kwa kanisa, kwa chama cha akina mama. Inakuruhusu pia kuinakili. Kwa hiyo mmoja wenu mwenye intaneti nzuri aipakue mara moja kutoka tovuti yao rasmi, aiweke kwenye fulashi, aipitishe darasa zima. Kitendo kile kile ambacho kwa programu nyingine ni kosa, hapa umeruhusiwa kwa maandishi. Napenda wanafunzi wangu waione tofauti hiyo kwa mikono yao.

Nawakumbusha pia kwamba Kiswahili hakikuachwa nyuma katika jambo hili. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi yenye menyu za Kiswahili. Iliwezekana kwa sababu leseni ya programu huria, zile ambazo kila mtu anaruhusiwa kuzitumia, kuzinakili na kuzibadilisha, haikumlazimu mtu kuomba ruhusa ili aifasiri.

Sasa mbinu chache, maana najua malalamiko yenu: "Mwalimu akifungua kwa Word, kurasa zinaruka." Mara nyingi shida ni fonti. LibreOffice huja na Carlito na Caladea, ambazo upana wa herufi zake umepimwa ulingane na Calibri na Cambria, na Liberation Serif inayolingana na Times New Roman. Tumia mitindo ya vichwa iliyomo kwenye menyu, usikuze herufi kwa mkono, na orodha ya yaliyomo itajipanga yenyewe. Mwalimu akitaka docx, chagua docx wakati wa kuhifadhi. Ukienda kuprinti saiba, peleka PDF tu. PDF haibadiliki hata saiba ile iwe na toleo gani, na hutalipia kurasa zilizoharibika. Kwa marejeo ya utafiti sakinisha Zotero, nayo haina malipo na inaingiliana na Word na Writer zote mbili.

Hatua ya nne: ukiamua kulipa

Wapo wanaohitaji Excel yenyewe, hasa wa uhasibu wanaofundishwa kwa Excel na kutahiniwa kwa Excel. Lipa basi, lakini kwenye tovuti ya kampuni au duka litoalo risiti. Tafuta kwanza bei ya wanafunzi, na uithibitishe kwa baruapepe ya chuo. Angalia kama bei iliyoandikwa ina VAT ya asilimia 16 au bado. Kama huna kadi ya benki, M-Pesa ina kadi pepe ya Visa iitwayo GlobalPay inayokubalika kwenye malipo ya namna hii. Ukishalipa, ingia kwenye akaunti na uzime malipo ya kujirudia siku hiyo hiyo, ili mwakani pesa zisikatwe bila wewe kuamua.

Mnaweza pia kuchanga nyumbani. Microsoft 365 Family hutumiwa na watu hadi sita, kila mmoja na akaunti yake na terabaiti yake moja ya kuhifadhi. Lakini masharti yanasema watu wa nyumba moja. Mama, baba, wewe na wadogo zako mnaingia. Vijana sita wa hosteli waliojuana wiki ya kujiandikisha, hapana.

Na ile "kii ya Office", yaani namba ya kuifungulia programu, inayouzwa mia chache kwa picha ya skrini? Muulize muuzaji maswali mawili tu: ilinunuliwa na nani, na risiti iko wapi.

Hatua ya tano: soma masharti kwa maswali matatu

Hakuna anayewataka msome kurasa thelathini za sheria. Tafuteni majibu ya haya: nani anaruhusiwa, kwa kazi gani, kwenye mashine ngapi. Utata mkubwa uko kwenye swali la katikati, na nitaeleza kwa mifano ninayoulizwa kila muhula.

Unasoma ujenzi na umepewa AutoCAD, programu ya kuchorea ramani, kwa leseni ya elimu ya Autodesk, kampuni inayoitengeneza. Kontrakta wa Bamburi anakuomba umchoree ramani ya nyumba, atakulipa. Hapana. Leseni ile ni ya kujifunza na kufundisha, haihusu kazi ya kulipwa. Chora kwa FreeCAD au LibreCAD, ambazo ni programu huria, au mwambie kontrakta akupe mashine yenye leseni ya kampuni yake.

Umeenda atachimenti kwenye ofisi ya kliaringi karibu na bandari, bosi anasema, "Si wewe una Office ya chuo? Weka kwenye kompyuta hii." Hili ni gumu kwa sababu wewe ni mgeni pale na unatafuta alama. Mjibu kwa adabu: "Samahani mzee, ile ni ya masomo tu, chuo wataona imeingia kwenye mashine nyingine. Naweza kuwawekea LibreOffice sasa hivi, haina malipo." Umekataa, na bado umetatua shida yake.

Jirani anakuomba umchapie wasifu wa kazi kwa shilingi 100. Nitasema ninavyoona mimi: tumia LibreOffice, kwa sababu umeshaanza kuuza huduma, hata iwe ndogo. Ukifungua meza yako ya kuchapa kesho, utakuwa umezoea chombo ambacho hakuna wa kukuuliza. Kwa wenye biashara wanaotaka Office ya kununua mara moja, kuna Home & Business 2024. Ile Home 2024 ya kawaida ni ya matumizi ya nyumbani.

Mdogo wako wa kidato cha tatu anataka neno lako la siri la chuo. Usimpe. Mfungulie akaunti yake ya bure, dakika kumi tu.

Nawasikia wanaosema kampuni hizi ni tajiri na bei yao ya dola haijui mshahara wa Mombasa. Sehemu ya mwisho ni kweli, na inaniuma kama inavyowauma. Lakini namfahamu kijana wa Kisauni aliyeandika programu ya kuhesabia mauzo ya duka. Aliandika usiku, mchana akiuza simu. Akaliuzia duka la kwanza, akashukuru Mungu. Miezi michache baadaye akaingia duka la tatu kununua sabuni, akaiona programu yake kwenye kompyuta ya keshia, na jina lake limefutwa. Mwenye duka akamwambia kwa ukunjufu kabisa kwamba aliipata kwa rafiki. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa amezoea tu kwamba programu hunakiliwa. Mazoea hayo tuliyajenga sisi, tukidhani anayeumia ni tajiri wa mbali.

Sheria nayo haina utata. Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya 2001 inaihesabu programu ya kompyuta miongoni mwa kazi za maandishi, inalindwa kama kitabu kinavyolindwa, na Bodi ya Hakimiliki, KECOBO, ndiyo inayoisimamia. Kwa hiyo kijana wa Kisauni analindwa na sheria ile ile inayoilinda Microsoft.

Hatua ya sita: kama tayari una kraki

Usiogope wala usijifiche, tulishawasaidia wengi. Nakili maandishi na picha zako kwenye fulashi au diski ya nje. Maandishi na picha tu, usichukue faili za kusakinishia programu. Ondoa Office ile kupitia orodha ya programu kwenye mipangilio ya Windows. Washa antivairasi iliyozimwa na uangalie orodha ya vitu ilivyoambiwa visikaguliwe, maana kraki hupenda kujificha humo. Ifute orodha hiyo, kisha kagua mashine yote, hata ikichukua saa tatu. Baada ya hapo badilisha maneno ya siri kutoka kwenye simu au mashine nyingine iliyo salama, ukianza na baruapepe, kwa kuwa anayeishika baruapepe yako anaweza kubadilisha mengine yote. Ukaguzi ukiendelea kugundua virusi baada ya kusafisha, sakinisha Windows upya. Ni kazi ya siku nzima, lakini usiache nusu. Mwisho weka LibreOffice, au ingia kwa akaunti ya chuo.

Hatua ya saba: siku ya kuondoka chuoni

Akaunti ya chuo ni ya chuo. Ukihitimu inaweza kufungwa, na hata ikibaki wazi mwaka mzima, haki ya kutumia bei ya mwanafunzi imekwisha siku ulipoacha kuwa mwanafunzi. Amana hurudishwa bila kudaiwa. Kwa hiyo miezi mitatu kabla ya mahafali, weka ukumbusho kwenye simu. Pakua kila kitu kilicho kwenye hifadhi ya chuo. Badilisha anwani kwenye kila mahali ulipoandika ile ya .ac.ke: HELB (bodi ya mikopo ya wanafunzi), maombi ya kazi, benki. Tuma mradi wako kwenye baruapepe yako binafsi kama PDF na kama faili la kuhariri, vyote viwili.

Yule msichana alifanya hayo yote mwezi mmoja kabla ya mahafali, kwenye meza ya nyuma darasani kwangu, huku akiyaweka tiki kwenye karatasi moja baada ya jingine. Namba za wavuvi wa Likoni alizihifadhi kwenye faili la peke yake lenye neno la siri, akaniambia anawapigia mmoja mmoja kuwajulisha kwamba zilikuwa zimekaa mahali pasipostahili.